Nimeomba ishara, zimekuja tatu na hazipatani. Niende Pemba au nibaki Unguja?

#1 Kijana_wa_Kiwengwa

Bwana Yesu asifiwe wakuu. Na wasio wa upande huo, salamu zenu pia.

Nina miaka 31, kwetu Muheza, huu mwaka wa saba nipo Unguja. Nafanya mapokezi kwenye hoteli moja huku Kiwengwa. Wanaozijua kazi hizi wanajua: Julai mpaka Oktoba tunakimbizana hadi soli zinaisha, Krismasi vilevile, masika yakiingia hoteli inafungwa, tunapewa likizo isiyo na malipo, narudi mjini kulala kwa watu.

Mwezi uliopita nimepigiwa simu. Kuna hoteli inafunguliwa kaskazini ya Pemba, upande wa Kigomasha, wanataka msimamizi wa mapokezi. Mshahara karibu mara mbili ya huu, chumba na chakula juu yao. Nimepewa wiki tatu nijibu, moja imeshakwenda.

Nikasema hili siliamui kwa akili zangu. Nikafunga siku tatu, nikaomba ishara. Sikilizeni sasa.

Ya kwanza. Usiku nimemaliza kuomba, nikafumba macho, nikafungua Biblia, nikatia kidole. Mwanzo 12, Ibrahimu anaambiwa "Toka wewe katika nchi yako". Nikaruka. Kesho yake nikasema ngoja nihakikishe, nikafanya vilevile, kidole kikatua Luka 24: "kaeni humu mjini".

Ya pili. Nimeota nipo kwenye meli ya usiku, maji yanaingia sebuleni mwa meli, watu wamekaa tu wanakunywa chai. Sisi tunaokumbuka meli ilivyozama nje ya Nungwi Septemba 2011, ndoto ya meli ya Pemba hatuichezei.

Ya tatu. Alikuja mtumishi mgeni kwenye mkesha. Akaniita mbele: "Naona maji, naona ng'ambo, naona mlango umefunguliwa." Hanijui, sijamwambia mtu. Akasema niupandie mbegu ule mlango, yaani nitoe sadaka, kabla haujafungwa. Nimepanda elfu hamsini.

Na kweli mambo yanafunguka. Meneja wangu hana neno, rafiki yangu yuko Wete ana chumba cha kufikia, nauli ninayo. Harusi yetu tumeiweka baada ya Pasaka na mwenzangu yuko mjini, ila hilo naamini Mungu atalipanga.

Swali langu: mtu anaijuaje sauti ya Mungu na sauti ya tumbo lake? Nawasilisha.

#2 Shabiki_wa_Urojo

Mshahara mara mbili halafu unauliza? Mie saa hizi ningekuwa nishashuka Mkoani naulizia gari ya Konde.

#3 Mama_Mbweni

Mwanangu, tuanze na hicho kidole. Mtu wa kanisani kwetu akienda kuangaliziwa kitabu kwa mganga tunamkalisha kikao. Wewe umejiangalizia mwenyewe, kitabu tu ndio kimebadilika. Hiyo ni ramli. Mungu alikwambia ulisome Neno lake, hakukwambia ulivizie.

Tena Ibrahimu na mapokezi ya hoteli wapi na wapi?

#4 Kijana_wa_Kiwengwa

Shikamoo mama. Lakini Gideoni aliweka ngozi nje usiku apate ishara, na Mungu hakumkemea. Na mitume walimpata Mathiya kwa kura. Hao nao walipiga ramli?

#5 Mama_Mbweni

Marahaba. Gideoni soma vizuri, Waamuzi 6. Kabla ya ile ngozi alishaambiwa la kufanya, tena na yeye mwenyewe anakiri, anasema "kama ulivyosema". Hakuweka ngozi ili ajue. Alijua, akaogopa. Mungu akamvumilia woga wake, na mie nashukuru kwa sababu na wa kwangu ameuvumilia sana. Lakini kuvumiliwa si kufundishwa njia.

#6 Mzee_wa_Mkunazini

Nimechelewa, umeme ulikatika.

La kura kijana amelishika vizuri, ila hakufungua ukurasa wa pili. Kura ya Mathiya ni Matendo 1. Roho anashuka Matendo 2. Kuanzia hapo mpaka kitabu kinaisha, hutaona mitume wamepiga kura tena. Ukifika sura ya 15, suala la Mataifa na tohara, kubwa kuliko Pemba yako, wanafanya nini? Wanakaa kitako. Wanabishana, "hoja nyingi" imeandikwa. Petro anaeleza aliyoyaona, Barnaba na Paulo wanaeleza, Yakobo anayapima na maandiko. Halafu barua inasema: "Ilimpendeza Roho Mtakatifu na sisi." Na sisi! Kila nikifika hapo nasimama kidogo.

Sasa nikupe ya hapa mjini. Mimi ni mtu wa Mkunazini, wageni huwa wananiuliza habari za kanisa lile, na wote wanataka kusikia soko la watumwa. Mie napenda kuwaeleza namna hao wamisheni walivyofika hapa, kwa sababu walikuja kwa kushindwa.

Misheni yao, Misheni ya Vyuo Vikuu ya Waanglikana wa Uingereza, haikutumwa Unguja. Ilitumwa bara, nyanda za juu za Shire, Malawi ya leo, baada ya Livingstone kuhubiri Uingereza. Wakaenda. Askofu wao, Mackenzie, akafa kwa homa Januari 1862, na wengine wakafa. Akaletwa Askofu Tozer mwaka 1863 pamoja na Edward Steere. Wakajaribu mlima Morambala, mvua, ukungu, maradhi. Tozer akatazama makaburi, akatazama ramani, akasema hapa hapana, tuondoke. Mwaka 1864 akaihamishia misheni Unguja.

Alisemwa. Livingstone mwenyewe alikasirika, aliona ni kukimbia kazi. Na mbele ya watu wa dini nani mwenye sura ya imani, anayebaki kufa bondeni au anayepanda meli kuja kisiwani? Tozer hakudai kusikia sauti. Alihesabu, akashauriana, akaamua, akakubali kuitwa mwoga.

Hapa wakaanza na wavulana watano tu, waliokamatwa kwenye jahazi la watumwa, Sultani Majid akawapa. Basi, watano. Miaka tisa baadaye, 1873, Sultani Barghash akalifunga soko, na Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa palepale sokoni. Na Steere akakaa na watu wa mji huu akaandika Agano Jipya kwa Kiunguja.

Nani mwaka 1864 angeweza kumwonyesha Tozer hilo? Hakuna. Ndiyo maana mie mtu akiniambia "nataka Mungu anionyeshe mwisho wake kabla sijaanza" huwa namwambia aje tukanywe kahawa.

#7 Yakhe_Mtulivu

Assalaam alaykum na salamu kwa wote. Mie Muislamu, nimepita tu, nimeona hili jambo na sisi tunalo, ruhusa yenu.

Kwetu kuna swala ya istikhara. Rakaa mbili za sunna, halafu dua, unamuomba Mwenyezi Mungu kama jambo lina kheri akurahisishie, kama lina shari akuepushe nalo na akupe kheri popote ilipo. Watu wengi hapa mtaani wanadhani ukishaswali lazima uote. Wanalala wanangoja ndoto, wakiota kijani wanaoa, wakiota nyoka wanaacha. Masheikh wanasema sana kwamba ndoto si sharti. Unaswali, unataka ushauri kwa wenye akili, halafu unaliendea jambo. Sasa kijana ameota watu wanakunywa chai ndani ya maji. Yakhe, ulikula nini usiku ule?

#8 Shabiki_wa_Urojo

😂😂 Pweza wa Forodhani huyo.

#9 Kijana_wa_Kiwengwa

Ahsante sheikh, nilikula biriani la jana, nakiri. Mzee, hiyo ya Tozer sikuwahi kuisikia na kanisa nimeingia mara nyingi.

Lakini mtumishi je? Yule hakujua habari zangu, na ametaja maji na ng'ambo.

#10 Mama_Mbweni

Upo kisiwani, mwanangu. Kila mtu ana maji na ng'ambo.

Soma 1 Wafalme 13. Mtu wa Mungu ametoka Yuda, Mungu kamwambia asile wala asinywe kule, wala asirudi kwa njia aliyojia. Akatokea nabii mzee wa Betheli: na mimi ni nabii kama wewe, malaika ameniambia nikurudishe nyumbani kwangu ule. "Lakini alimwambia uongo", imeandikwa hivyohivyo. Yule mtu wa Mungu akarudi, akala. Njiani simba akamuua. Na maneno ya mzee yalikuwa ya kidini kabisa. Mie sura ile inanitisha kuliko Ufunuo. Sisemi mtumishi wako mwongo, simjui. Nasema neno la mtu mwingine halikuondolei wewe kazi ya kupima, na likija na bei, pima mara mbili.

#11 Neema_tele

Naomba nipingane kidogo na mama kwa heshima. Tukiendelea hivi tutamzuia Roho. Mungu anasema hata leo. Mimi nilikuwa nisafiri kwenda Muscat kazi za ndani, pasi tayari, wakala tayari. Wiki nzima moyo mzito, kila nikiomba nakosa amani, sikuwa na sababu yoyote ya akili. Nikaghairi. Aliyekwenda nafasi yangu alirudi baada ya miezi minne bila mshahara hata mmoja. Mniambie hiyo ilikuwa biriani?

Paulo kule Troa aliona mtu wa Makedonia usiku anamwita "vuka". Akavuka.

#12 Mzee_wa_Mkunazini

Binti yangu Neema, hiyo si biriani, na wala sitaibishia. Ulizuiwa, mshukuru Mungu. Kabla ya Troa Paulo naye alizuiwa mara mbili, Asia na Bithinia, na hatuambiwi alizuiwaje. Huenda ni moyo mzito kama wako.

Ila tazama Matendo 16:10. Maono kaona mmoja, uamuzi ni wa wengi: "tuliona hakika". Aliwaeleza wenzake, wakayapima wote, ndipo wakapanda chombo. Na walipofika Filipi walichapwa bakora wakatiwa gerezani. Kwa hiyo kijana, ukienda Pemba ukapata shida usije ukaandika hapa kwamba Mungu hakukutuma, na ukipata raha usije ukaandika kwamba alikutuma.

#13 Minara_Miwili

Tumsifu Yesu Kristo. Mkatoliki hapa, nichangie jambo moja tu.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola alikuwa askari, mwaka 1521 Pamplona mzinga ukamvunja mguu. Miezi kitandani. Alikuwa mtu wa mabibi na mapanga, akawa anajipumbaza kwa kuwaza: mara anawaza vita na bibi mmoja mkubwa, mara anawaza kuishi kama watakatifu aliowasoma. Yote yanampendeza wakati anawaza. Tofauti aliiona baadaye. Yale ya vita yakiisha yanamwacha mkavu, amenuna. Yale mengine yakiisha furaha inabaki. Kama chakula tu, utamu wa mdomoni na unavyolala tumboni ni vitu viwili.

Basi wewe jioni kaa kitako. Siku moja jifanye umeshakubali, ishi nalo toka asubuhi mpaka usiku, ufagie nalo, ule nalo. Siku ya pili jifanye umeshakataa. Halafu tazama kinachobaki. Na usiamue siku uliyovurugika. Inyasi kasema mtu akiwa katika ukiwa asibadili alichoamua alipokuwa na nuru. Mimi niliwahi kuacha kazi siku ya hasira, sirudii.

#14 Mpemba_wa_Chake

Ndugu, huku unakokuja ndiko kwetu, niruhusu niseme mawili.

Umeandika mlango umefunguka: meneja hana neno, chumba kipo, nauli unayo. Hebu fungua Yona 1:3. Mungu kamwambia nenda Ninawi, yeye kashuka bandarini Yafa. Kafika tu, kakuta merikebu inakwenda Tarshishi. Nauli anayo, akatoa, akapanda. Mambo yalimnyookea! Hakuambiwa boti imejaa, hakuambiwa rudi kesho bahari imechafuka kama tunavyoambiwa sisi Malindi. Mlango ulikuwa wazi kabisa na alikuwa anakimbia. Wepesi haushuhudii kitu.

La pili. Hapa Chake wapo Marafiki, Quaker, wamekuja Pemba tangu miaka ile utumwa unafutwa, 1897. Bibi yangu aliabudu nao. Ibada yao ya asili ni kukaa kimya. Wakiwa na jambo la kuamua hawapigi kura, hata la fedha. Wanakaa, mmoja anasema, wananyamaza, mwingine anasema, mpaka waone wamekuwa kitu kimoja, na kama hawajawa kitu kimoja jambo linangoja. Bibi alikuwa akinipeleka nikiwa mdogo, nilikuwa nahesabu mijusi. Lakini alikuwa na tabia moja aliyoitoa huko: ukimpelekea shida yako hakupi ushauri. Anakuuliza swali. Ukijibu anauliza jingine. Ukiondoka pale umechoka na umejua.

Nikuulize na mie la kwake: Jumapili utatoka? Maana kutoka Kigomasha mpaka kanisani si kuvuka barabara. Mpaka ufike Konde upate gari ya Wete, ibada imefika mahubiri.

#15 Fundi_Cherehani

Nimesoma uzi wote, majibu ya wazee yamenibariki. Lakini hamjaona kitu nyie?

Huyu kaka ameuliza Biblia, ameuliza ndoto, ameuliza mtumishi, sasa anatuuliza sisi tusiomjua. Mchumba wake kamtaja mara moja, mstari wa mwisho, na ndani ya mstari huo dada wa watu hana kauli. "Naamini Mungu atalipanga." Kaka, ANASEMAJE?

#16 Shabiki_wa_Urojo

Uwiii. Amenaswa.

#17 Kijana_wa_Kiwengwa

Sijamwambia bado. Nilitaka nimpelekee jibu lililokamilika.

#18 Fundi_Cherehani

Basi funga uzi nenda mjini.

#19 Mama_Mbweni

Na mie nilipita hapo sikuona, nilikazana na kidole. Ahsante dada. Mithali 15:22, kwa wingi wa washauri makusudi huthibitika, na wa kwanza ni utakayelala naye mto mmoja.

#20 Kijana_wa_Kiwengwa

MREJESHO

Wakuu samahani kwa kimya, ni miezi miwili sasa. Wengi mmenitafuta.

Siku ileile nilipanda gari ya 117 mpaka mjini kwa mchumba wangu. Anafundisha chekechea, nilimkuta barazani anakata karatasi za rangi za watoto wake. Nikamweleza yote kwa mpangilio kama nilivyowaeleza nyinyi. Ndoto akacheka. Nilipofika kwenye elfu hamsini akaweka mkasi chini.

Hakugomba, afadhali angegomba. Akaokota vipande vyekundu vyote, akavipanga kwenye bahasha, halafu akauliza maswali matatu. Umeuona mkataba? Jumapili unatoka? Na mie nitakuwa wapi? Sikuwa na jibu hata moja. Nimefunga siku tatu bila kula na sijaomba hata nakala ya mkataba.

Tukaomba pale barazani, kwa sauti ya chini maana majirani walikuwa wanasubiri futari. Hatukuomba ishara. Alisema "Bwana, tupe akili", Yakobo 1:5 kwa ufupi, akarudi kwenye karatasi zake.

Nikaomba mkataba. Wa miezi sita, si wa mwaka kama nilivyoambiwa kwenye simu. Mapumziko siku moja kwa wiki, siku yoyote watakayopanga wao. Nikawaandikia kuomba Jumapili zote, wakakataa. Nikaomba mbili kwa mwezi, wakakubali, na ikaandikwa.

Nikaomba siku mbili za ruhusa nikaone kwa macho. Nilipanda meli ya usiku, kwa makusudi kabisa. Nilikaa juu karibu na maboya ya kujiokolea mpaka alfajiri, sikupepesa. Bahari ilikuwa kama sinia. Kulikuwa na watu wanakunywa chai, nilipowaona tumbo lilinivuruga, lakini ilikuwa chai tu. Mkoani, Chake, Konde, halafu msitu wa Ngezi, njia nzima karafuu zimeanikwa kwenye majamvi, harufu inakufuata mpaka ndani ya gari. Hoteli ipo kweli. Paa la mapokezi lilikuwa halijaezekwa makuti, lakini ipo.

Lile zoezi la Mkatoliki nililifanya. Siku niliyojifanya nimekubali nilikuwa na wasiwasi kutwa, jioni ukatulia. Siku niliyojifanya nimekataa nilijisikia vizuri kutwa, jioni nikawa nahesabu pesa ambazo sizo zangu. Sijui hiyo inasoma vipi, nilimsimulia yeye, akasema inasoma kwamba mimi napenda pesa lakini si mwoga.

Tumekubaliana niende kwa mkataba mmoja tu, wa miezi sita. Harusi ipo palepale, baada ya Pasaka. Mkataba ukiisha tunaketi tena wote wawili, na yeye ndiye atakayeanza kusema.

Mtumishi alinipigia wiki iliyopita. Anaona mlango wa ndoa, nao unataka mbegu. Sikupokea mara ya pili.

Jumapili yangu ya kwanza nilitoka na giza, nikafika Wete wanaimba wimbo wa pili. Tulikuwa watu kumi na mmoja na watoto. Mzee wa kanisa akauliza jina langu, akaniuliza kama najua kusoma kwa sauti, akanikabidhi Biblia palepale. Somo lilikuwa Mathayo 1, ukoo wote. Nimejikwaa kwa Shealtieli, nikajikwaa tena kwa Zerubabeli, mtoto mmoja wa mbele akacheka, na mzee akasema endelea, hao wote wamo.